Ubeti wa Milima

Mwishoni mwa masika ya 2024 tulimzika mzee jirani yetu, Lipangalala, siku mbili baada ya siku iliyopangwa. Kilichotuchelewesha ni kaburi. Vijana walichimba mpaka usawa wa kiuno, maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye kingo. Wakayachota kwa ndoo, yakarudi. Wakahamia sehemu iliyoinuka kidogo, ikawa vilevile. Mzee mwenyewe hakuuawa na mafuriko. Alikuwa na umri mkubwa na kifua kilichomsumbua miaka mingi, angeweza kufa msimu wowote. Lakini alikufa wiki ambayo maji ya Mto Lumemo yalikuwa yametoka tu mitaani, nyumba nyingine bado zina mstari wa tope ukutani usawa wa dirisha, na watu wengine wamerudi juzi kutoka shuleni walikokuwa wanalala.

Siku ya tatu udongo ulikubali. Kwaya ya watu wanane ilisimama bila kinanda, maana kinanda kilikuwa kimelowa. Wakaanzisha "Bwana Mungu Nashangaa Kabisa". Huo si wimbo wa kufanyiwa mazoezi. Ukianzishwa msibani, kila mtu anaingia: Wakatoliki ambao ndio wengi Ifakara, Walutheri, Wamoraviani, na hata majirani Waislamu waliobeba jeneza pamoja nasi wanaijua sauti yake kwa kuisikia makaburini tangu utotoni. Bibi yangu, niliyekuwa nimemshika mkono ili asiteleze, aliimba ubeti wa kwanza kwa sauti yake ile nyembamba. Ulipofika ubeti wa pili, ule unaosifu ndege, milima na upepo, akafunga mdomo. Nilidhani amechoka. Kiitikio kiliporudi akaimba tena, kwa nguvu kuliko mwanzo, na beti mbili za mwisho akazimaliza bila kukosa neno.

Jioni, tukiwa tumekaa nje kwa sababu ndani kulikuwa bado kunanuka tope, nikamuuliza.

"Bibi, mbona ule ubeti wa pili umeunyamazia?"

"Mke mwenzangu," akasema (ananiita hivyo tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu), "mimi siimbi uongo mbele ya maiti. Milima ile pale unaiona. Ukuta wangu wa nyuma umevunjwa na maji. Hayo maji yalitoka wapi?"

Nilisoma historia kwa miaka mitatu, na sasa ninasomea shahada ya pili, Dar es Salaam. Nimefundishwa kuuliza waraka umetoka wapi, nani aliuandika, na kwa nini. Sikuwahi kuuliza swali hilo kuhusu wimbo niliouimba tangu nikiwa na miaka mitano. Makala hii ni jaribio la kumjibu bibi.

Kwa asiyeijua Ifakara, nieleze kidogo. Mji umekaa kwenye bonde pana tambarare. Upande mmoja ni safu ya Udzungwa, iliyosimama kama ukuta. Upande mwingine, ng'ambo ya Mto Kilombero, ni milima ya Mahenge. Ukitoka Mikumi kwa basi, baada ya mashamba ya miwa ya Kidatu, Udzungwa inakufuata upande wa kulia mpaka unachoka kuitazama. Wageni hupiga picha. Mito inayoshuka kutoka humo ndiyo inayolifanya bonde liote mpunga ambao jina lake linajulikana sokoni hadi Dar es Salaam. Bonde hilo lilitambuliwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ndiyo makao makubwa ya swala anayeitwa sheshe, na inasemekana zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hupitia hapa. Lumemo ni mmoja wa mito hiyo, na si mkubwa. Kiangazi watoto wanauvuka kwa miguu. Kata ya Lipangalala imekaa mahali ambapo Lumemo ukikosa njia, huja kuiulizia kwetu.

Wazee hawaogopi mafuriko kwa jumla. Wandamba wameishi na maji hayo vizazi kwa vizazi, wakisafiri kwa mitumbwi, wakilinda mpunga kutoka kwenye madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Mwaka 1935 A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walipochapisha kitabu kuhusu Wabena wa bonde hili walikiita Ubena wa Mito, maana bila mito hakuna cha kueleza. Bibi anasema maji ya zamani yalikuja kwa adabu: yalipiga hodi, yakapanda polepole, yakaacha rutuba, yakaaga. Ya siku hizi yanaingia usiku. Mimi ningeongeza kwamba na sisi tumejenga sebuleni kwake, lakini sikumwambia hivyo siku ile.

Basi, wimbo. Familia ya mtunzi ilisimulia kwamba ni Zaburi ya 8 iliyosemwa upya. Zaburi hiyo ni fupi. Mtu anatazama mbingu usiku, mwezi na nyota, halafu anajiuliza yeye ni nani hata akumbukwe na aliyeviumba vyote hivyo. Ndiyo zaburi iliyofika mbali kuliko zote: Papa Paulo VI alipoombwa ujumbe wa kuwekwa mwezini na chombo cha Apollo 11 mwaka 1969, alitoa hiyo, na mpaka leo iko kule kwenye kisahani kidogo, imeandikwa kwa herufi zisizosomeka kwa macho matupu. Watu huikumbuka kwa ajili ya nyota zake. Wanasahau kwamba inamalizia kwa kushuka chini, kwa kondoo na wanyama wa porini na ndege, mpaka kwenye samaki na njia za baharini. Maji yamo.

Mtunzi ni Carl Boberg, Mswidi aliyezaliwa 1859. Mwaka 1885 alikuwa kijana wa rika langu, mhubiri katika mji mdogo wa pwani uitwao Mönsterås. Alieleza mwenyewe baadaye jinsi ilivyokuwa. Yeye na rafiki zake walikuwa wanarudi kutoka ibada ya alasiri sehemu iitwayo Kronobäck. Mawingu yakajikusanya, radi ikapiga, upepo ukayalaza mashamba ya nafaka, wakakimbia kujificha. Dhoruba haikudumu. Upinde wa mvua ukatokea. Alipofika nyumbani akafungua dirisha linalotazama bahari, akasikia kengele za kanisa. Kulikuwa na maziko, akasema, na kengele zilikuwa zinapiga wimbo wa kuingia umilele. Jioni hiyohiyo akaandika.

Nilipoisoma habari hiyo maktabani niliinuka nikatembea kidogo. Nilikuwa nimebeba picha nyingine kichwani: mzungu mwenye raha zake, amekaa juu ya kilima, anatazama maua. Kumbe ni mtu aliyelowa, ametoka kukimbia radi, na sauti ya kwanza aliyoisikia baada ya dhoruba ilikuwa ya msiba. Wimbo huu haukuhamia makaburini ulipofika kwetu. Ulizaliwa karibu na kaburi.

Shairi lake lilikuwa na beti tisa. Lilichapishwa katika gazeti la mjini Mönsterås mwezi Machi 1886, na hapo angeweza kulisahau. Miaka michache baadaye, akiwa kwenye mkutano wa dini katika jimbo la Värmland, alisikia watu wakiliimba kwa sauti ya wimbo wa zamani wa kienyeji. Hakuwa ametunga sauti yoyote. Watu walichukua maneno yake wakayavisha nguo waliyokuwa nayo kabatini, na nguo hiyo ndiyo tunayoivaa hadi leo. Boberg baadaye akawa mhariri wa gazeti la Kikristo na mbunge, akafa 1940 bila kujua wimbo wake utafika wapi.

Njia ulioipita ni ndefu na ina kona nyingi. Mwaka 1907 Manfred von Glehn, Mjerumani aliyeishi Estonia, aliusikia huko akautafsiri kwa Kijerumani. Mwaka 1912 Ivan Prokhanov, kiongozi wa Wakristo wa kiinjili wa Urusi, akautoa kwenye Kijerumani akautia kwenye Kirusi. Na katika miaka ya 1930 mmisionari Mwingereza, Stuart Hine, aliyekuwa anafanya kazi na mkewe magharibi ya Ukraine na milima ya Karpati, akausikia kwa Kirusi. Kwa hiyo Mwingereza aliupata wimbo wa Mswidi kutoka kwa Warusi waliouchukua kwa Wajerumani. Kulikuwa na tafsiri ya Kiingereza iliyotoka moja kwa moja kwenye Kiswidi, ya E. Gustav Johnson, 1925, na watu wachache wanaikumbuka.

Hine hakutafsiri tu. Alisimulia kwamba ubeti wake wa kwanza ulimjia baada ya kukamatwa na radi kwenye kijiji cha milimani huko Karpati, ngurumo zikijibizana kutoka kilele hadi kilele, mpaka mwalimu wa kijiji alipompa hifadhi. Dhoruba ya pili, basi, katika wimbo uleule. Ubeti wa tatu, unaohusu kufa kwa Kristo, aliuongeza baada ya kukuta kijijini watu wakiungama kwa sauti wakati mwanamke mmoja aliyejifunza kusoma akiwasomea habari za msalaba. Vita ilipokaribia, mwaka 1939, akarudi Uingereza.

Ubeti wa nne ndio ulionishika. Mwaka 1948 Hine alitembelea kambi ya wakimbizi huko Sussex, watu kutoka Urusi na nchi za jirani ambao vita iliwatupa Uingereza na hawakuweza kurudi. Mtu mmoja akamweleza jinsi alivyotenganishwa na mkewe mwishoni mwa vita. Mke alikuwa mwamini, yeye hakuwa. Baadaye akaamini, lakini hakuwa tena na matumaini ya kumpata mke duniani ili amwambie. Alichobaki nacho ni kumtarajia mbinguni. Kutokana na maneno hayo Hine akaandika ubeti wa Kristo anayerudi kuwachukua watu wake kwenda nyumbani. Mwaka 1949 akauchapisha wimbo wote, Kirusi na Kiingereza, katika jarida lake dogo lililokuwa likisambazwa kwa wakimbizi na wamisionari nchi mbalimbali, na kwa njia hiyo ukafika Afrika na India.

Sasa tazama wimbo wetu wa Kiswahili, ule ulio kwenye Tenzi za Rohoni. Una beti nne. Wa kwanza nyota na ngurumo. Wa pili ndege, milima, upepo. Wa tatu kifo cha Mwana. Wa nne Yesu anarudi kutuchukua. Huo ni mpangilio wa Hine, si wa Boberg. Ubeti wa Kristo kurudi haumo katika beti tisa za Mswidi. Yeye alimalizia kwa kengele za umilele zikimwita apumzike. Maana yake ni kwamba, ingawa Waswidi walikuwa na misheni zao Tanganyika tangu kabla ya Uhuru, na ingawa ingekuwa rahisi kudhani waliuleta wao sandukuni, Kiswahili chetu hakikutoka kwao. Kilitoka kwenye Kiingereza, baada ya 1949, kikiwa tayari kimebeba ubeti wa mkimbizi wa Sussex. Sijivunii mambo mengi niliyoyapata chuoni, lakini hili nililipata mwenyewe kwa kuweka karatasi tatu mezani na kuhesabu beti, na siku hiyo nilijinunulia chipsi mayai.

Kwenye karatasi hizohizo nikaona jambo la pili.

Ubeti wa pili wa Kiingereza cha Hine una vitu vitano: msitu, ndege, milima, kijito na upepo. Wa Kiswahili una vitatu. Msitu haupo. Kijito hakipo. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Wimbo maarufu kuliko nyimbo zote tunazoimba kuhusu uumbaji hauna tone la maji ndani yake.

Sababu, kwa maoni yangu, haina siri kubwa. Aliyewahi kutia maneno ya Kiswahili kwenye sauti ya kizungu anajua taabu yake. Neno la Kiingereza la silabi moja kwetu linakuwa la silabi tatu au nne, na sauti ya wimbo haiongezeki. Lazima kitu kiachwe nje, kama unavyopunguza mizigo basi linapojaa. Mfasiri alibakiza milima na upepo, kijito akakiacha kituoni. Hakukusudia kutoa hoja yoyote kuhusu maji. Lakini matokeo ni kwamba tumepewa uumbaji wenye chanzo cha mto bila mto, milima isiyoteremsha chochote.

Zaburi zenyewe hazina woga huo. Ya 29 ni dhoruba tupu tangu mwanzo: sauti ya Bwana iko juu ya maji, inavunja mierezi, na mwishoni yeye ameketi juu ya gharika. Ya 104 inasimulia maji yakiwa juu ya milima, yakakemewa, yakakimbia, yakawekewa mpaka wasiuvuke. Nilipokuwa mdogo niliisikia hiyo ya 104 ikisomwa kanisani baada ya mvua kubwa, na watu wazima wakatazamana. Kuna mpaka, ndiyo. Tulikuwa tumekaa upande gani wake? Hata Mtakatifu Fransisko, ambaye hospitali kubwa ya Ifakara inaitwa kwa jina lake, katika utenzi wake wa viumbe wa karne ya 13 aliyataja maji kwa jina la dada, akayaita manyenyekevu. Bibi amepata matibabu katika hospitali hiyo mara nyingi na anampenda sana Fransisko. Juu ya unyenyekevu wa maji hawakubaliani.

Inabidi pia nieleze wimbo wa Waprotestanti ulifikaje kwenye vinywa vya Wakatoliki wa bonde hili, kwa sababu wakati bibi anazaliwa jambo hilo lisingefikirika. Wamisionari wa Kwiro, Mahenge, walikuwa Wabenediktini wa Kijerumani, waliofika mwaka 1902. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani waliondolewa, na 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakashika nafasi yao. Wote hao walikuja na Misa ya Kilatini. Bibi bado anaweza kuimba Kyrie na Gloria yote bila kujua neno hata moja, na akiimba anakaa wima kama mwanafunzi. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu na muziki wao. Mwaka huohuo padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka uliofuata Mahenge ikawa jimbo. Ifakara ikaja kupata jimbo lake 2012.

Lakini mimi naamini mlango mkubwa zaidi haukuwa kanisani. Ulikuwa msibani. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo katika miaka ya 1970, sala zilihamia majumbani, chini ya miembe na maturubai. Msiba wa mtaani hauna dhehebu. Mkatoliki anakufa, jirani Mlutheri anakuja na kitabu chake mfukoni, usiku ni mrefu, nyimbo za kwaya zimeisha. Mtu anaanzisha ule anaoujua. Baada ya misiba ishirini wimbo hauna mwenyewe tena. Huko Marekani wakati huohuo Elvis Presley alikuwa amekwisha kupata tuzo ya Grammy kwa kuuimba, na kabla yake George Beverly Shea aliuimba mara 99 katika mikutano ya Billy Graham New York, mwaka 1957. Sisi hatukuwa tumesikia habari za watu hao. Tulikuwa na msiba.

Kuna neno moja ambalo Kiswahili kilifanya vizuri kuliko wenzake, na bibi ndiye aliyenionyesha, ingawa hakukusudia. Boberg anaanza kwa kutazama. Hine anaanza kwa mshangao wa kuheshimu, wa mtu aliyevua kofia. Kiswahili kimesema kushangaa, na kikaongeza kabisa. Fikiria tunavyolitumia neno hilo. Mtu akiibiwa simu kwenye bajaji anasema nashangaa. Mama akimkuta mtoto amechelewa kurudi anamwambia nakushangaa wewe. Kushangaa ni kukutwa hujajiandaa. Mtu anaweza kushangaa mbele ya uzuri, na anaweza kushangaa amesimama kwenye maji ya magoti saa nane usiku, ameshika redio na kuku wawili.

Bibi alinisimulia usiku ule wa Lumemo siku moja tu baada ya maziko. Aliamshwa na kitu baridi kilichogusa mkono wake uliokuwa unaning'inia kitandani. Akadhani ni nyoka. Aliposhusha mguu hakukuta sakafu. Ndoo zilikuwa zinaelea zikigongana taratibu, na sufuria ikizunguka katikati ya chumba kama ina safari yake. Ukuta wa nyuma, wa tofali mbichi, ulikuwa haujaanguka bado. Ulikuwa unalainika. "Nikasimama tu," akasema. "Nashangaa. Sikulia, sikuomba. Nashangaa tu." Kijana wa jirani ndiye aliyeingia akambeba mgongoni. Nyuma yao wakasikia ukuta ukikaa chini, hakusema ukianguka, alisema ukikaa chini, kama mtu aliyechoka.

Kwa hiyo sikubaliani naye kwamba wimbo ni uongo. Naamini ubeti wa kwanza una usiku ule ndani yake kuliko anavyodhani, na ngurumo hazikuwekwa pale kwa mapambo, watu wawili walizikimbia kweli. Ninachokubaliana naye ni kuhusu ubeti wa pili. Ukisifu milima usiku uleule inapokumwagia maji, unatakiwa uyataje maji. Mwimba zaburi alithubutu. Mswidi aliyelowa alithubutu. Hine alitia kijito japo kidogo. Sisi tunaoishi kwenye matope ndio tulioletewa wimbo mkavu.

Likizo ya Desemba nilirudi nikiwa na daftari. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeshajengwa upya, safari hii kwa tofali za kuchoma, na msingi umepandishwa. Bibi alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai uani, akiugeuza kwa mguu. Nilimsalimia, akaniitikia, akaniuliza kama nimepata mchumba, nikabadilisha mazungumzo. Nikamsimulia habari yote kuanzia Mönsterås. Alisikiliza vizuri. Kwenye habari ya mkimbizi na mkewe akaacha kugeuza mpunga, akauliza kama walikutana. Nikasema kitabu hakisemi. Akatikisa kichwa.

Nilipofika kwenye kijito nikamsomea orodha zote mbili, ya Kiingereza nikiitafsiri. Akanifanya nirudie.

"Kwa hiyo mto ulikuwemo?"

"Ulikuwemo, bibi. Mdogo."

"Wakautoa."

"Naona maneno yalizidi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi ndiyo maana umekuja wenyewe."

Akaendelea kugeuza mpunga, bado anacheka peke yake. Kuku walikuwa wanaunyemelea upande wa pili, nikawafukuza. Udzungwa ilikuwa na wingu juu, la kijivu, si la mvua bado. Baada ya muda akaniuliza nimwambie tena ile sehemu ya mwanzo, ya dirisha na kengele. Nikamwambia tena: mvua imekatika, kijana amefungua dirisha, ng'ambo kanisani wanazika.

"Nani alikuwa amekufa?" akauliza.

Nikamwambia Boberg hakumtaja.

"Anaandika wimbo mzima," bibi akasema, "halafu hakwenda hata kuuliza msiba ni wa nani." Akainama akaokota jiwe kwenye mpunga, akalitupa kwa kuku.